Kuvuka Ruvuma na watoto wadogo na kurudi siku hiyohiyo: naomba ushauri

Mama wa Watatu, Mtwara

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuvuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji akiwa na watoto wadogo na kurudi siku hiyohiyo, na nitashukuru sana mkinieleza kwa kirefu, kwa kuwa safari hii ina uzito wake katika nyumba yetu.

Mama mkwe wangu alizaliwa Mueda. Alivushwa mto akiwa mgongoni mwa mama yake wakati wa vita vya ukombozi, akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Rutamba, mkoani Lindi, akaolewa huku, na tangu hapo hajakanyaga tena upande wa pili. Binti yangu mkubwa ana miaka 7, mdogo wake wa kiume ana miaka 4, na kitindamimba ana miezi 10. Kila bibi yao anaposema "kwetu ng'ambo", huyu mkubwa humwuliza ng'ambo ni wapi. Juzi alichora mto kwa penseli ya buluu, akamweka bibi ukingo mmoja na sisi sote ukingo wa pili, kisha akaja kuniuliza kwa nini hatujawahi kwenda. Nilikosa jibu la kumpa.

Hatukusudii kufika Mueda wala kulala huko. Tunataka watoto waikanyage ardhi ya Msumbiji, wasalimiane na watu wawili watatu, tule chakula cha mchana, turudi. Mimi nilifikiria Kilambo, penye pantoni, kwa kuwa ni kama kilomita 40 tu kutoka mjini Mtwara. Baba watoto anapendelea Daraja la Umoja, pale Mtambaswala, akisema tuondoke saa 10 alfajiri na tutakuwa tumerudi nyumbani usiku. Watoto bado hawana pasipoti. Naomba mnishauri kuhusu njia, karatasi, huyu wa miezi 10, na zaidi ya yote kuhusu usalama.

Mzee wa Msimbati

Mwanangu, nimeisoma habari ya mkweo na imenigusa, maana kwetu huku karibu kila nyumba ina mtu wa namna hiyo. Nitazungumzia Kilambo peke yake, kwa sababu ndiko ninakokujua.

Watu wengi huitazama Kilambo kwa urefu wa barabara na kusahau kwamba pale mwenye amri ni bahari. Mahali penyewe pako karibu na maingilio ya mto, maji hujaa na kupwa pamoja na ya bahari, na yakipwa mafungu ya mchanga huibuka katikati, kwa hiyo pantoni husubiri maji yajae ndipo ivuke. Sasa piga hesabu pamoja nami. Kutoka maji kujaa mara moja hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika kama 25. Ukivuka kwa maji yaliyojaa saa 3 asubuhi, maji ya kukurudisha yatajaa saa 3 na nusu usiku, nawe uko ng'ambo na mtoto wa miezi 10. Ukisema utachagua siku ambayo maji yanajaa alfajiri ili yajae tena magharibi, kumbuka kwamba kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo siku za aina hiyo ni chache katika mwezi, na hata hizo zitakukuta mapema mno asubuhi na kukuachia giza jioni. Pantoni ile inamfaa mtu anayekwenda na kukaa, si anayekwenda na kurudi.

Utaambiwa kuna mitumbwi. Ni kweli ipo, lakini mto ule una mamba na viboko, na anayevuka kwa njia za panya hana muhuri wa kutoka wala wa kuingia, kwa hiyo likimpata lolote upande wa pili hana karatasi ya kumtambulisha. Mimi nimekaa na maji tangu utotoni, na sikuwahi kumpakia mwanangu mdogo kwenye mtumbwi wa kuvuka Ruvuma.

Dereva wa Masasi

Dada, baba watoto ana haki kuhusu daraja, ila saa zake zinahitaji kurekebishwa. Kutoka Mtwara hadi Masasi ni karibu kilomita 200 kwa njia ya Mnazi Mmoja na Ndanda. Ukitoka Masasi unafika Mangaka baada ya kilomita zisizopungua 50, na kutoka Mangaka hadi Mtambaswala ni kilomita 65 za lami. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 300. Mtu mzima ataivumilia safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa siku moja, lakini mtoto wa miaka 4 atafika mpakani amechoka, analia, na atakachokumbuka kuhusu Msumbiji ni kiti cha gari. Njooni Masasi siku moja kabla, mlale, halafu hesabu ya siku moja ianzie hapa. Mkiondoka saa 12 asubuhi, saa 3 kasoro mtakuwa mpakani kabla jua halijawa kali.

Gari liacheni upande wa Tanzania. Kuvusha gari ni shughuli ya forodha na bima ya nchi ya pili, na kwa safari ya saa chache haina faida. Daraja lina urefu wa mita 720, na kulivuka kwa miguu ndiyo sehemu ambayo watoto hawataisahau. Mtoto wa miaka 4 hutumia kama dakika 20, kwa kuwa kila baada ya hatua kumi husimama kutazama maji. Msimharakishe. Katikati ya daraja mwambieni yule binti kwamba lilifunguliwa Mei 12, 2010, na Rais Kikwete na Rais Guebuza, na kwamba kabla ya hapo bibi yake na wenzake walikuwa na mitumbwi tu. Kivuli hakuna hata kidogo, kwa hiyo chukueni kofia na mwavuli. Picha msipige kabla ya kuomba ruhusa, kwa sababu daraja la mpakani na askari si vitu vya kupigwa picha ovyo, upande wowote.

Sasa jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote: saa. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Mwaka mmoja niliwasindikiza wazazi wenye watoto wawili, tukakaa ng'ambo tukila na kuzungumza, nami nikawa natazama simu yangu na kuona muda bado upo tele. Simu ilikuwa imeshika mtandao wa Msumbiji na kujirudisha nyuma saa moja bila mimi kutambua. Nilidhani ni saa 10, kumbe nyumbani ilikuwa saa 11. Tulilivuka daraja mbiombio, mama wa watu akiwa na mtoto mgongoni na mwingine nimembeba mimi mabegani, tukafika maofisa wakiwa tayari wanakusanya vitabu vyao. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo huvaa saa ya mkono ambayo siigusi. Mkifika, ulizeni kituo kinafungwa saa ngapi, na mhakikishe ni saa ya nchi gani, kwa vituo vyote viwili.

Kuhusu huko mtakakofikia, msitarajie mji. Negomano ni mahali padogo, hakuna hoteli wala duka kubwa, kwa hiyo chakula bebeni chenu. Lugha haitawasumbua, kwa kuwa wenyeji wengi wanazungumza Kimakonde kama bibi yenu, ila maofisa huanza kwa Kireno. Mfundisheni binti aseme "bom dia" asubuhi na "boa tarde" baada ya adhuhuri. Nimeona mara kadhaa ofisa aliyekunja uso akilegea kabisa kwa salamu ya mtoto.

Baba wa Nachingwea

Naomba mnivumilie, kwa kuwa nitasema jambo ambalo wenzangu wamelipita. Hatuzungumzii mpaka wa kawaida. Mapigano ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, yalianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba, 2017, mji wa Palma ulivamiwa Machi 2021, na ng'ambo ya Kilambo ndiyo wilaya hiyohiyo ya Palma. Hata upande wetu hatukusalimika, kwa maana Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu waliovuka mto. Negomano iko wilaya ya Mueda, katika mkoa huohuo wa Cabo Delgado. Mtu mzima mwenye biashara yake anaweza kupima hatari na kuamua, lakini mtoto wa miezi 10 anaamuliwa.

Sisemi hivi kwa kuwachukia jirani zetu. Mimi ni mtu wa Nachingwea, ambako FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao ya mafunzo, na wazee wetu waligawana mihogo na watu hao. Ninachoomba ni kwamba safari isipangwe kwa kutegemea maneno ya mtandaoni, yawe yangu au ya mwingine, kwa sababu hali ya mwezi uliopita si hali ya leo. Siku moja kabla ya kuondoka, na tena asubuhi yenyewe mkiwa mpakani, waulizeni polisi na maofisa wa Uhamiaji wa upande wetu kuhusu hali ya ng'ambo. Wakisita hata kidogo, msivuke. Na hata wakisema kuna amani, msipite pale daraja linapoishia na watu wanapokaa karibu na kituo. Atakayejitokeza na pikipiki kuwaambia kwamba ndani zaidi kuna mahali pazuri, mshukuruni na mkae palepale.

Ningekuwa mimi, ningewapeleka watoto hadi ukingo wetu, wakautazama mto na daraja kwa macho yao, na kuvuka ningengoja wawe wakubwa. Lakini mimi si baba yao.

Muuguzi, Lindi

Dada yangu, hongera kwa kuuliza mapema. Mimi nazungumzia afya tu, na zaidi huyo wa miezi 10.

Kwanza tazama kadi yake ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, ya pili miezi 18, kwa hiyo hakikisha hiyo ya kwanza ameipata. Pili, ulizeni kituo cha afya kinachotoa chanjo za wasafiri kama mtahitaji cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi 9, cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na kwa utaratibu wa sasa hudumu maisha yote. Maana yake ni kwamba mkienda kuchanjwa siku mbili kabla ya safari, mmechelewa. Mtajie muuguzi tarehe ambayo mtoto alichanjwa surua, kwa kuwa mpangilio wa chanjo hizi mbili una umuhimu.

Kuhusu chakula, kwa kuwa bado ananyonya umepunguziwa nusu ya kazi. Mpe ziwa mara nyingi zaidi ya kawaida siku hiyo, maana joto la bonde la Ruvuma humkausha mtoto kabla wewe hujaona dalili. Uji upike asubuhi, utie ukiwa wa moto kabisa kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yaliyochemka, na mkishaufungua alishwe palepale. Utakaobaki bakulini mwageni. Hao wakubwa wawili wapewe viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, ndizi, na kama mtapata ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, njiani wapeni pia, lakini maji wanywe yale mliyochemsha nyumbani. Weka mkobani pakiti mbili za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, na chupa tupu ya lita moja, kwa sababu pakiti moja huchanganywa na lita moja kamili, na watu wengi hukosea kwa kukadiria kwa kikombe.

Mbebe kwa mbeleko, kichwa kikiwa chini ya kanga nyepesi, na kila baada ya muda gusa shingo yake kwa nyuma. Ikiwa ya moto na imelowa jasho, mfungue apate hewa. Wala asiachwe ndani ya gari lililosimama, hata kama ni dakika tano za kugonga mihuri.

Malaria iko pande zote mbili za mto. Mbu waenezao huuma kuanzia jioni, kwa hiyo kurudi mapema kunasaidia, na huko Masasi mtakakolala chandarua ni lazima. Homa ikimpata yeyote kati yenu kuanzia wiki moja baada ya kurudi, nendeni mkapimwe siku hiyohiyo na mseme kwamba mlisafiri.

Mama wa Watatu, Mtwara

Wazee wangu na ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Mzee wa Msimbati, shikamoo, hesabu yako ya maji nimeipitia na baba watoto usiku, na Kilambo tumeifuta kabisa. Baba wa Nachingwea, maneno yako hayajanikera, yamenikalisha chini nikafikiri upya, na tumekubaliana kwamba tukifika Mtambaswala na kuambiwa lolote la kutia shaka, tutaishia ukingo wetu.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nilipomweleza mama mkwe, alikaa kimya kitambo, kisha akasema atakwenda, na kwamba safari hii atavuka kwa miguu yake mwenyewe. Ana kitambulisho cha Taifa lakini hana pasipoti. La pili, mtoto wa wifi yangu, mwenye miaka 9, anaomba kufuatana nasi. Je, inawezekana?

Dereva wa Masasi

Dada, kitambulisho cha Taifa peke yake hakitoshi. Kila mmoja wenu, hata huyo wa mbeleko, anatakiwa kuwa na hati yake ya kusafiria, kwa kuwa siku hizi mtoto haandikwi kwenye pasipoti ya mzazi. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa mtu mmoja, nayo kwa familia ni fedha nyingi. Kwa hiyo nendeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, pale Mtwara, mkaulize kuhusu hati ya dharura ya safari, ambayo gharama yake ni ndogo zaidi, na kama itawafaa kwa mpaka huu. Mtaombwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vya wazazi, kwa hiyo anzeni na hivyo. Tazameni herufi moja moja. Jina lililoandikwa "Zainabu" kwenye cheti na "Zainab" kwenye fomu linaweza kuwarudisha nyumbani. Kwa mama mkwe anzeni mapema zaidi, maana mtu aliyezaliwa ng'ambo ana karatasi zake za ziada za kuonyesha.

Kuhusu mtoto wa wifi, nitakueleza yaliyotupata. Tulikuwa na mpwa wangu wa miaka 8 kwenye mpaka mmoja ambao sitautaja. Pasipoti alikuwa nayo, cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho, lakini wazazi wake hawakuwapo, wala sikuwa na barua yao. Ofisa aliniuliza kwa upole kabisa, "Nitajuaje kwamba mama yake anajua alipo?" Sikuwa na la kusema, na alikuwa sahihi. Wenzetu walivuka, mimi na mtoto tukabaki tumekaa kwenye benchi chini ya mwembe hadi waliporudi, naye hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani. Basi pateni barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi wote wawili mbele ya mwanasheria au hakimu, yenye majina yenu, tarehe ya kwenda na kurudi, na namba za simu za wazazi, pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Mkiwa wewe na mumeo hamko pamoja siku hiyo, atakayebaki naye aandike barua ya aina hiyohiyo kwa hao watatu.

Jambo dogo la mwisho. Kila mtu atagongewa mihuri minne siku hiyo: kutoka Tanzania, kuingia Msumbiji, kutoka Msumbiji, kuingia Tanzania. Ninyi wakubwa watatu na watoto wanne mnafanya mihuri 28, kwa hiyo tengeni muda wa kutosha mezani, na kabla ya kuondoka kwenye kila dirisha fungueni hati moja moja mhakikishe hakuna aliyerukwa. Mtoto asiye na muhuri wa kutoka ana mashaka wakati wa kuingia.

Mzee wa Msimbati

Mwambie mkweo namsalimu. Na kama maji ya mto yatakuwa yamepungua na watoto wakitaka kushuka chini kwenye mchanga, wakatalieni. Mchanga mweupe ule unavutia, lakini mamba naye huupenda kwa kuotea jua.

Mama wa Watatu, Mtwara

Salamu zako zimefika, mzee wangu. Amezipokea na kuuliza wewe ni wa ukoo gani.

Tumepanga mwezi wa Juni, shule zikifungwa, wakati mvua zimekwisha. Tutalala Masasi usiku mmoja kabla na usiku mmoja baada. Nimemwachia binti yangu kazi ya kukagua mihuri, naye ameshatengeneza daftari lenye majina saba na visanduku vinne kwa kila jina. Wifi yangu ameahidi kuileta barua ya mwanawe ikiwa imesainiwa na baba wa mtoto pia, na bila hiyo nimemwambia sitamchukua. Jumatatu nakwenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kumfuatilia kitindamimba cheti chake cha kuzaliwa, kisha Uhamiaji na mama mkwe, na kliniki Jumatano. Baba wa Nachingwea, kabla hatujaondoka Masasi nitaandika hapa yale tutakayokuwa tumeambiwa na maofisa, ili kama kuna jambo umelisikia kwa upande wako unijulishe kabla hatujafika mpakani.